Daftari la Kumi na Moja

Dar es Salaam hadi Mlimba

Kabla sijaona chochote, nilisikia karatasi ikichanika. Nilikuwa nimejifunika khanga hadi usoni, treni imesimama, na sauti ile ilikuja taratibu, ndefu, kama ya mtu anayechana kwa kufuata mstari aliouzoea. Nikakurupuka na kuukumbatia mfuko wangu. Madaftari yangu manne yalikuwamo. Nilipochungulia dirishani kulikuwa kumepambazuka, na chini, kwenye kokoto za reli, mama mmoja wa makamo alikuwa amepakata kitabu cha shule. Alikuwa anachana kurasa zake na kuzisokota pembe za kutilia karanga.

“Kitabu cha nani hicho, mama?” nikamuuliza.

“Cha karanga,” akasema. “Nikufungie?”

Wenzangu wa kikao chetu cha kusomeana cha Jumamosi, tangu nirudi mnaniuliza nini kilitokea huko Rungwe, nami nimekuwa nikijibu kwamba nimechoka na kwamba mvua ilikuwa kubwa. Yote mawili ni kweli. Lakini ninyi ndio mliokaa kimya nilipowasomea kurasa za Mwalimu Asajile, hata yule mwenzetu ambaye huwa hanyamazi. Mnastahili kujua mwisho wake. Na kwa kuwa wengine mlijiunga baadaye, nitaanza na mambo ambayo wa zamani wanayafahamu.

Mwalimu Asajile ni mstaafu wa Nkunga, wilaya ya Rungwe. Katika ujana wake alikuwa karani wa padre mmoja mzee, mzaliwa wa Bretani, ile rasi ya magharibi ya Ufaransa inayochomoza baharini. Padre alikuwa na sanduku la nakala za hati za kale za watawa wa kwao, na jioni, baada ya kazi, alimfundisha karani wake kuzisoma. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe alipokuwa shuleni aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake, na kwamba historia ya Wabretoni imeandikwa kwa Kilatini na watawa, kisha kwa Kifaransa na makarani wa watawala, kila mmoja akiipindisha kumpendeza aliyemlisha. Padre alipokufa, sanduku lilibaki kwa karani. Karani akawa mwalimu, na kwa miaka ishirini na zaidi akaandika kwa Kiswahili, kwa mkono, madaftari kumi na moja.

Kumi yalikuwa juu ya Wabretoni: jinsi walivyokimbia kisiwa chao cha asili na kuvuka bahari hadi Bretani, watakatifu wao waliosemekana kuelea juu ya boti za mawe, vijiji vyao, wavamizi wa kaskazini waliochoma nyumba za watawa, na makarani wa baadaye waliotunga wafalme ambao hawakuwahi kuwapo ili kuziba mapengo. La kumi na moja halikuwa juu yao. Mwalimu alikuwa amependa namna moja ya wale watawa wa kwanza. Waliposhuhudia shamba likiuzwa au mpaka ukiwekwa, waliandika habari yenyewe, na chini wakaorodhesha majina ya waliokuwapo, wakiwamo wakulima wa kawaida: hawa waliona, hawa walisikia. Akachukua namna ile akaenda nayo kwa wazee wa Rungwe. Aliwauliza mababu walishukaje kutoka milima ya mashariki na moto wao na ng'ombe wao, nani aliwapisha na nani alifukuzwa, na chini ya kila masimulizi akaandika mashahidi. Wazee wale wote wamekufa. Walichosema kilikuwa ndani ya daftari la kumi na moja na hakikuwa mahali pengine popote.

Madaftari hayo yaliletwa kwenye shirika la uchapishaji nililokuwa nikifanyia kazi. Niliyasoma, nikamwandikia Mwalimu barua ndefu ya kijana aliyeona mwanga, nikamwahidi kitabu. Kisha likaja soko huria. Shirika likafungwa, jengo likapata mwenyewe mpya, nasi tukapewa wiki moja ya kuondoa vilivyo vyetu. Wiki ile mimi nilikuwa namalizia sura ya mwisho ya riwaya yangu. Sura ilikuwa imekolea, sikutaka kuiacha. Nilikwenda siku ya tisa. Chumba cha wahariri kilikuwa kimejaa marobota ya mitumba hadi darini.

“Karatasi zilichukuliwa na wauza karanga,” mlinzi alinieleza. Kisha akaona uso wangu, akainama chini ya benchi lake. “Haya manne niliyaweka ya kuwashia jiko.”

Lilikuwapo la kwanza, la pili, la tatu na la sita.

Sikumwandikia Mwalimu kumwambia. Aliniandikia yeye, kwa mwandiko uliokuwa ukipanda na kushuka. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na weupe, akaomba kujua kama kitabu kitatoka angali anaona. Mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, akaongeza: “Msiogope kuhusu maandishi. Nakala yangu ya kwanza iko mahali salama kuliko benki.”

Kwa mstari huo mmoja nilikata tiketi.

Mlimba hadi Mbeya

Mlimba tulikaa tangu alfajiri hadi alasiri. Kichwa cha treni kilikuwa kimechukuliwa kwenda kuvuta mabehewa ya shaba, na hakuna aliyejua kitarudi lini. Abiria wakashuka, wakatandika khanga kandokando ya reli, na baada ya muda kituo kikageuka soko: mmoja anauza redio za kutoka Tunduma, mwingine mashati yaliyovaliwa na watu wa nchi tusizozijua. Miaka michache nyuma vitu hivyo vingepitishwa kwa kufichwa. Sasa vilitandazwa juani na hakuna aliyetazama nyuma.

Nilikula wali wa Mlimba na samaki mdogo mwenye miiba mingi, nikaketi na daftari la sita. Linaeleza jinsi watawa walivyorudi Bretani. Vizazi viwili au vitatu walikuwa uhamishoni, wametoroka na mifupa ya watakatifu wao na vitabu walivyoweza kubeba, na waliporudi walikuta miti imeota madhabahuni. Hati za mipaka zilikuwa zimeungua. Mwalimu ameandika: “Wakawaita wazee wa vijiji na kuwauliza, mto ulikuwa wa nani? Na wazee wakajibu kwa kile walichokumbuka, na kwa kile walichotamani. Tangu siku hiyo hatuwezi tena kuvitenganisha.”

Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nilijiambia kwamba sisi hatutafika huko, kwamba nakala ipo. Nilipiga hesabu ya kurasa ambazo ningeweza kunakili kwa siku, nikajiona nimerudi Dar na madaftari kumi na moja, na kosa langu halijajulikana na mtu. Ndiyo, niliwaza hivyo. Nilichokuwa nakiendea Rungwe kilikuwa kitabu, lakini pia nilikuwa naendea jina langu.

Mbeya tuliingia siku iliyofuata, na baridi ikatupokea kama mtu asiyetaka wageni.

Mbeya hadi Makandana

Basi la Tukuyu lilikuwa jipya kwa rangi na la zamani kwa mengine yote. Lilipasuka gurudumu kwenye mwinuko kabla ya Isongole, nalo la akiba lilikuwa limeazimwa na basi jingine. Tukashuka. Mvua ya Rungwe haina haraka, inakuja imelala kwenye ukungu, unaloa kabla hujajua kwamba inanyesha. Nilijibanza chini ya kibanda cha wauza viazi, nikatoa kijitabu changu na kuanza kuandika niliyoyaona.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Bwana mmoja aliyevaa koti zito alinitazama nikiandika, kisha akanisogelea kwa adabu.

“Shikamoo sikupi, dada, umri hauruhusu,” akasema. “Ila niulize. Wewe ndiye mthamini?”

“Mthamini wa nini?”

“Ee, sawa. Najua hamsemi.” Akawageukia wenzake. “Ndiye.”

Kiwanda kimoja cha chai kilikuwa kinasubiri kuuzwa, na watu walikuwa wameambiwa kwamba atakuja mtu kutoka Dar na madaftari, ataandika kila kitu, kisha kazi zitapungua. Mtu wa Dar nilikuwa mimi, na madaftari nilikuwa nayo. Tulipoingia Tukuyu jioni, habari ilikuwa imenitangulia. Nilipita mtaa wa Ibighi nikiuliza gari la kwenda Nkunga, na kila niliyemuuliza alinielekeza kanisani. Sikuelewa hadi baadaye: walitaka nikapate roho ya huruma kwanza.

Nililala Makandana, kwenye nyumba ya wageni ya Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani. Alinipa chumba bila kunitazama na chai bila sukari.

“Sukari imeisha,” akasema, kopo limejaa mbele yetu sote wawili.

“Bi Mwanaidi, mimi siyo mthamini. Mimi ni mwandishi wa hadithi.”

“Hata yule wa mwaka jana alisema ni mtu wa mbegu.”

Sikuwa na cha kujitetea ila daftari la pili. Nikalifungua mezani, akavaa miwani iliyofungwa uzi, akasoma kwa midomo kuhusu watakatifu wa boti za mawe. Alisoma ukurasa mzima. Akafunua wa pili.

“Hawa Wabretoni,” akauliza, “ni watu wa upande wa Malawi?”

“Ni watu wa Ulaya, bibi. Wa zamani sana.”

“Na aliyeandika ni Mwalimu Asajile? Wa Nkunga? Aliyenifundishia wanangu?” Akavua miwani. “Sasa mbona hukusema? Umekaa unanywa chai kavu kama mfungwa!” Akanisukumia kopo la sukari, akanitolea vitumbua vilivyokuwa vimefunikwa. Kisha uso wake ukabadilika. “Mwambie kitabu kitoke upesi, mwanangu. Yule mzee haoni tena. Anapita hapa anagusa kuta.”

Sikuweza kumaliza kitumbua.

Makandana hadi Nkunga

Bi Mwanaidi alinitafutia lori linalokwenda kupakia ndizi. Dereva aliniacha kwenye njia panda, akanionyesha kilima ambacho hakikuonekana.

“Panda tu. Ukifika kwenye migomba ya watu, uko kwa watu.”

Nilipanda saa nzima ndani ya weupe. Nilisikia maji yakienda chini yangu, nikasikia ng'ombe, sikumwona hata mmoja. Kisha mbele yangu nikasikia kikohozi: mara tatu, kwa makusudi, na baada yake fimbo ikigonga jiwe. Mahali fulani mlango ukafungwa haraka. Baada ya hapo ndipo mzee akatokea kwenye ukungu, mrefu, koti la mvua juu ya suti ya zamani.

“Nani hapo?” akauliza.

“Mugonile, Mwalimu.” Nilikuwa nimejifunza salamu hiyo kwa Bi Mwanaidi. “Ni yule wa barua. Kutoka Dar.”

Akasimama. Akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwapo, nami nikauendea.

“Ndaga fijo,” akanishukuru taratibu. “Ndaga, binti yangu. Umekuja na kitabu?”

Nikasema, “Nimekuja kwa ajili ya kitabu.”

Aliyachukua maneno hayo kama ndiyo. Alicheka, akanishika bega, tukaenda.

Nyumba mbili

Boma la Mwalimu lina nyumba mbili, na kati yake migomba. Moja ni yake, amekaa peke yake tangu mkewe afariki. Nyingine ni ya mwanawe, ambaye mwaka wa tatu sasa yuko upande wa Zambia akitafuta biashara, na anayekaa humo ni mke wa mwana huyo, Mama Neema, na watoto wake.

Mchana Neema mdogo alileta chakula, akakiweka kizingitini kimefunikwa jani la mgomba, akaondoka. Ilikuwa mbalaga, ndizi za kupika, zimechanganywa na maharage, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Sijala chakula kizuri kuliko kile katika safari nzima. Nikasema nitakwenda kumshukuru mpishi.

“Mshukuru na kwa niaba yangu,” Mwalimu akasema. “Mimi miaka tisa nakula kwa mkono wake na uso wake siujui.”

Nikadhani ni utani wa macho yake. Haukuwa utani. Kwao, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke halitamki jina la mkwewe, haingii nyumbani mwake, hagusi kilicho chake. Akisikia anakuja, anaondoka njiani. Mzee naye haingii kwa mkwewe, na kila atembeapo anakohoa na kugonga fimbo ili mwanamke apate nafasi ya kujificha. Vijana wa mjini wameacha, na makanisa yamehubiri dhidi yake, lakini kwenye vilima vile wapo wanaoshika.

“Na nakala, Mwalimu?” nikauliza. “Mahali salama?”

Akatabasamu kama mtu anayefunua mtego wake. “Nyumba hii ilikuwa inavuja, halafu watu wanaingia na kutoka, mara wanafunzi wa zamani, mara majirani wanaotafuta karatasi ya kusokotea tumbaku. Nikawaza: ni wapi pasipoingia mtu wa kuchokora vitu vyangu? Nikaliweka sanduku la nakala yangu kule.” Akanyoosha fimbo kuelekea migombani. “Kabla mwanangu hajaondoka, alilibeba yeye. Kule mimi siingii, na anayekaa kule hawezi kugusa kitu chenye jina langu. Kuna kufuli gani zaidi ya hiyo?”

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Yale kumi na moja ya Dar, yameanza kupigwa chapa?”

Nikamwambia yako kwenye foleni. Nilisema bila kukwama, kwa sauti nzuri. Wenzangu, mnajua nina sauti nzuri ya kusomea.

Asubuhi nilivuka migomba. Mama Neema ni mwanamke wa rika letu, mkono wake una alama za kuchuma chai. Alinikaribisha, akanipa kigoda, na nilipotaja sanduku akaketi chini, akaifunika miguu yake kwa khanga.

“Nilijua iko siku atakuja mtu,” akasema. “Nilidhani atakuwa mume wangu.”

Sanduku lilikuwa pembeni mwa chumba, la mbao nyembamba, la kusafirishia chai. Juu yake majani ya mgomba yalikuwa yamepangwa kama vigae, mabichi juu ya makavu, na kando yake ulisimama upondo, mti mrefu mwembamba.

“Bati lilitoboka juu yake, masika ya mwaka juzi,” akaeleza. “Kila mvua ikianza nachukua upondo, napanga majani nikiwa mbali. Sikuligusa hata siku moja, dada. Nilimtuma Neema kwa babu yake aseme nyumba inavuja. Akatuma bati na fundi. Bati lilikuwa moja. Na kitanda cha watoto nacho kilikuwa kinavujiwa.”

“Ukaliweka juu ya kitanda.”

“Wewe ungeweka wapi?”

Akaivuta khanga miguuni, akaendelea.

“Nikamwomba fundi asogeze sanduku. Akalisogeza ukutani. Kumbe ukuta wenyewe ndio unaonyonya maji kutoka chini. Juu pakavu, mimi nafurahi, nasema nimelitunza. Nilianza kusikia harufu.” Akajifuta pua. “Sasa ningemwambia kwa mdomo gani? Nimtume mtoto akamwambie babu yake maandishi yameoza? Mtoto aseme neno kama hilo? Mchungaji anasema mambo haya yamekwisha, nimkabili tu. Mchungaji hajawahi kuwa mkwe wa mtu.”

Nikaondoa majani, nikafungua kifuniko. Ilinuka kama ardhi iliyochimbwa. Karatasi zilikuwa zimeshikana kuwa kitu kimoja, cheusi kingoni, laini, chenye kuvu jeupe, na wino ulikuwa umehama ukajikusanya chini kama maji ya mkaa. Niliingiza vidole. Zikatoka kwa mafungu. Nilifanya kazi hiyo hadi mchana, naye amekaa ananitazama mikono, hajainuka hata kupika. Katikati kabisa ya fungu nikapata kipande kikavu, upana wa kiganja, na mwandiko wa ujana wa Mwalimu juu yake. Kilisomeka hivi: “Waliosikia na kuona: Kapugi. Mwalwega mdogo. Ndugu wawili wa Kapugi. Mama mwenye nyumba.” Juu ya hapo pamechanika.

Mashahidi tu. Walichoshuhudia hakipo.

Nilirudi nacho kwa Mwalimu. Njiani kati ya migomba, hatua kama hamsini, niliandaa maneno. Ningeweza kusema sanduku limeharibika lakini Dar mambo ni salama. Angeishi kwa amani hadi kufa, angekuwa anawaambia watu wa Makandana kitabu kiko njiani. Mimi ni mtunzi. Ndiyo kazi yangu.

Alikuwa kizingitini. “Umelipata?”

“Nimepata hiki,” nikasema, nikamwekea kipande mkononi, nikamsomea. Kisha nikamwambia mengine yote: ukuta, bati moja, majani ya mgomba na upondo. Na bila kupumzika, nikamwambia kuhusu Dar, siku ya tisa, sura yangu ya mwisho, mlinzi na jiko lake. Nilisema ni manne tu, na kwamba yako ndani ya mfuko wangu. Nilisema nilimdanganya jana.

Alipitisha kidole gumba juu ya kile kipande, kutoka ukingo hadi ukingo.

“La kumi na moja?” akauliza hatimaye.

“Hapana, Mwalimu.”

“La kumi na moja halipo kabisa.”

“Halipo.”

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliona aibu kuliko yote. Nilimshika mkono nikasema kwa shauku, “Nilikuwa nimelisoma, Mwalimu! Nakumbuka mengi. Wewe unakumbuka mengine. Tutaliandika upya, pale tutakapokwama nitajaza, najua sauti za wazee wale, nitazifanya ziwe hai...”

Akautoa mkono wake.

“Ulisoma la sita?”

“Ndiyo.”

“Basi unajua unachoniomba.” Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. “Makarani wale hawakuwa watu wabaya, binti. Walikuta pengo, wakalipenda, wakalijaza kwa kalamu nzuri. Mimi nakumbuka nini? Nakumbuka Kapugi alikuwa na jino moja. Nakumbuka tulikunywa maziwa. Alichosema nilikiandika ili nisihitaji kukikumbuka.”

Akanitaka nitoe daftari la sita na kalamu. Kwenye ukurasa wa mwisho akanitamkia cha kuandika, neno kwa neno: kwamba hapa kitabu kimekatika, na kwamba walioona sanduku likifunguliwa ni binti wa Dar na mama mwenye nyumba. Nikaandika. Akaniuliza kama nimeandika jina langu kamili. Nilikuwa sijaandika. Nikaliandika.

Kisha akasimama.

“Yule mwanamke,” akasema, “majani hayo ameyapanga misimu mingapi?”

“Mitatu.”

“Anadhani nitamlaani.” Akatafuta koti lake ukutani kwa kupapasa. “Hakuna wa kumpelekea neno. Mtoto ni mdogo, na wewe kesho hupo. Nitakwenda mwenyewe.”

“Kwenye nyumba ile, Mwalimu?”

“Nishike mkono.”

Ilikuwa imeanza kunyesha tena. Alitembea bila kukohoa. Fimbo aliibeba mkononi, hakuigonga chini hata mara moja, na nikaelewa kwamba alikuwa anakwenda kama mtu wa kawaida anavyokwenda kwa binti yake. Katikati ya migomba niliwaona watu wawili majirani wamesimama na mizigo yao kichwani, wanatutazama, hawasalimii.

Tulifika kizingitini. Aliinua mguu akapapasa ngazi. Mkono wake katika wangu ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilimwona Mama Neema ndani, amepiga magoti mbele ya sanduku, anarudishia mafungu ya karatasi mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, anayagusa, anayapanga. Hakuwa ametusikia. Angetusikiaje, wakati hakukuwa na kikohozi?

“Mwanangu,” Mwalimu akasema, na akaingia.

Mama Neema aliinua uso. Nilimwona akimwona, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa hofu ya mtu aliyekutwa na kosa mkononi. Karatasi zikamdondoka. Mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea ukutani, anatabasamu, anazungumza na mahali ambapo hapakuwa na mtu: “Mwanangu, usilie, nimekuja kukuambia kwamba hukukosa...”

Mama Neema alikuwa ameshavuka chumba, khanga kichwani. Mlango wa nyuma ukafunguka, mvua ikaonekana kidogo, ukafungwa.